Samora: Barabara Moja, Majina Manne

Anayetaka kuijua Dar es Salaam kwa miguu yake mwenyewe aanzie Mnara wa Saa. Hapo njia zinagawana watu. Uhuru inawapeleka Mnazi Mmoja na Kariakoo. Nkrumah inawatoa kuelekea Gerezani na njia ya uwanja wa ndege. Samora inaingia katikati ya mji, ikienda sambamba na bandari, ikipishana na Barabara ya Morogoro na mitaa mingine midogo, ikizunguka Sanamu ya Askari, na kuishia kwenye miti mikubwa ya Bustani ya Botanika, si mbali na Ikulu. Kwa mwendo wa kawaida safari yote haizidi nusu saa.

Ndani ya nusu saa hiyo mtembeaji amepita kwenye utawala wa Wajerumani, wa Waingereza, kwenye Tanganyika huru, kwenye Ujamaa na kwenye soko huria. Kila aliyeshika mji aliipa barabara hii jina lake, akaweka sanamu au mnara wake, pengine akaondoa cha mwenzake. Mstari wenyewe haukuguswa na yeyote. Ulivyochorwa zaidi ya karne moja iliyopita ndivyo ulivyo, na mtu akiufuata kwa makini atasoma mengi ambayo vitabu vya shule huyapita haraka.

Kabla ya mstari huo palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipendezwa na ghuba yake iliyojificha, yenye kina cha kutosha merikebu kubwa, na katika miaka ya 1860 akaanza kujenga mji mpya kwa mawe ya matumbawe. Majid alifariki mwaka 1870 kazi haijafika mbali. Mdogo wake Barghash hakuwa na hamu na mji huo, akauacha uote magugu. Kilichobaki cha ndoto ya Majid ni jengo la Boma la Kale, linalotazama bandari pale Barabara ya Morogoro inapoteremkia Sokoine Drive, hatua chache kutoka Samora, pamoja na Nyumba ya Atiman iliyo jirani nalo. Hayo mawili ni ya zamani kuliko barabara yenyewe.

Wajerumani walifika mwaka 1887 wakiwa kampuni ya biashara. Mwaka 1891 serikali yao ilihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo na kuyaleta hapa, kwa sababu meli kubwa hazikuweza kukaribia ufuko wa Bagamoyo. Mwaka huohuo wakatoa amri ya ujenzi iliyougawa mji mafungu matatu. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Katikati zijengwe nyumba za kudumu za biashara. Mbali zaidi, upande wa bara, waachiwe watu wa nyumba za miti na makuti. Amri ilizungumzia vifaa vya ujenzi, lakini kila mtu mjini alijua inazungumzia rangi ya ngozi. Wenyeji walizipa sehemu hizo majina yanayosema wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Barabara iliyotoka Uzunguni na kupenya hadi Uhindini ikapewa jina la Unter den Akazien, yaani chini ya miti ya akasia, kwa kuiga ile barabara mashuhuri ya Berlin iitwayo Unter den Linden. Waliipanda miti pande zote mbili. Mwisho wake wa mashariki Profesa Franz Stuhlmann alianzisha bustani mwaka 1893, kwa ajili ya kujaribu mimea ambayo serikali ilitaka kuifanya mazao ya biashara katika koloni. Bustani hiyo ndiyo Botanika ya leo. Imekatwa vipande ikapungua sana, lakini bado ina kivuli ambacho mji mzima unakihitaji. Mwisho wa magharibi ukapata uhai mwaka 1905, reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilikuwa imefika Morogoro, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Abiria aliyeshuka stesheni akitokea bara alitoka nje na kukuta maduka ya Uhindini yamempokea. Ili afike kwenye ofisi za serikali ilimlazimu kupita chini ya miti hiyo, akiuacha mji wa wafanyabiashara na kuingia mji wa watawala.

Wajerumani walisimamisha pia sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyeuzima upinzani wa Abushiri na Bwana Heri pwani, na ambaye baadaye alikuwa gavana. Ilivyoundwa inafaa kuelezwa, kwa kuwa bila hiyo sanamu iliyopo leo haieleweki vizuri. Wissmann alisimama juu, mkono kwenye upanga, akitazama mbali. Chini yake alisimama askari Mwafrika, uso umeinuliwa kumtazama bwana wake, akiifunika maiti ya simba kwa bendera ya Ujerumani. Wachongaji wa dola walijua wanachofanya. Simba ni nchi, askari ni mtumishi, na wote wawili wako miguuni pa mtu mmoja.

Vita Kuu ilifika mapema. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ilirusha mizinga kuulenga mnara wa simu ya upepo, na kabla ya mwaka kwisha mizinga mingine ikaiharibu nyumba ya gavana, ambayo Waingereza waliijenga upya mwaka 1922 na ambayo leo ni Ikulu. Mji wenyewe uliangukia mikononi mwao Septemba 1916. Wissmann akashushwa, akapakiwa melini. Mwaka 1922 alisimamishwa tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na huko ndiko wanafunzi wa Kijerumani walikomwangusha, mwaka 1968, asiinuliwe tena. Watu wa Dar es Salaam hawakuulizwa alipowekwa wala alipoondolewa.

Mwaka 1927 Waingereza walizindua Sanamu ya Askari kwenye kipilefti kilichoko katikati ya barabara, ambayo wakati huo waliiita Acacia Avenue. Iliundwa na mchongaji James Alexander Stevenson, ikayeyushwa kwa shaba nyeusi huko London na kuonyeshwa kwanza kwa watu wa huko kabla ya kusafirishwa. Askari ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa mwaka 1927 wasomaji wengi wa pwani walisoma kwa hati hiyo ya pili. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza ambaye mwanawe wa kiume wa pekee alifia kwenye vita hiyohiyo huko Ufaransa. Wazee wa mjini wameendelea kuiita Sanamu ya Bismini, jina ambalo vijana wengi wanaopita hapo kwa daladala hawajapata kulisikia.

Tofauti na sanamu ya Wajerumani ni kubwa. Safari hii Mwafrika yuko juu, na hakuna Mzungu aliyesimama juu yake. Hilo lilikuwa jambo geni katika miji ya makoloni. Hata hivyo sanamu inaficha kama inavyoonyesha. Huyu ni askari wa jeshi la Waingereza, wakati wanaume wengi wa Tanganyika waliopigana walikuwa upande wa pili, chini ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Wao hawakusimamishiwa chochote hapa. Na kuna kundi kubwa zaidi lililolipa gharama ya vita ile, nalo ni la wapagazi. Walikusanywa kwa nguvu vijijini, wakabebeshwa risasi, unga na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Nairobi, ambako Stevenson huyohuyo alifanya kazi kama hii, watu watatu wamesimama juu ya jukwaa na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam maandishi yanawataja wapagazi, lakini aliye juu ni askari peke yake. Mpagazi wa Dar es Salaam ukitaka kumkuta inabidi urudi Mnara wa Saa na kushika Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo, mahali palipopewa jina kutokana na kikosi chake, palipokuwa na kambi yake.

Miaka ya kati ya vita mbili ndiyo iliyoipa barabara sura ambayo wakazi wa zamani wanaikumbuka. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Gujarati na Kachchh, walijenga nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini na familia juu. Kuta zao ni nene. Mbele kuna baraza lenye nguzo, ili mteja asinyeshewe wala asichomwe na jua akitazama bidhaa. Juu kuna roshani na madirisha ya vibao vya mbao vinavyopitisha upepo na kuzuia macho ya wapita njia. Kileleni mwa ukuta wa mbele mjenzi aliandika jina la ukoo au la mke, na mwaka wa ujenzi. Desturi hiyo ilikuwa zawadi kubwa kwa wanahistoria, kwa sababu jengo lilijieleza lenyewe bila kuhitaji nyaraka. Nyumba hizo ziliijua hali ya hewa ya Dar es Salaam kuliko maghorofa mengi ya vioo yaliyokuja baadaye, ambayo umeme ukikatika hayakaliki.

Waingereza walikuta mafungu matatu ya Wajerumani wakayaacha yalivyo, ila walibadili lugha: wao walizungumzia viwango vya ujenzi na afya. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa wazi kati ya Uhindini na Uswahilini, kwa hoja kwamba nafasi hiyo ingezuia maradhi kuvuka. Mwafrika alikuja Acacia Avenue asubuhi kufanya kazi ya tarishi, fundi, yaya, mchukuzi au karani, na jioni akarudi ng'ambo ya kiwanja. Kutoka kwenye sanamu ya shujaa Mwafrika hadi mahali ambapo Mwafrika aliruhusiwa kulala palikuwa na mwendo wa dakika chache tu, na uwanja mtupu katikati.

Uwanja huo haukubaki mtupu. Upande wake wa pili, katika Mtaa wa New ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Mnazi Mmoja penyewe pakawa mahali pa mikutano ya hadhara. Siasa ya uhuru ilikua Uswahilini, kisha ikatembea kuelekea mashariki, ikipita barabara ileile. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Wapenzi wa ushairi wanamjua zaidi kwa kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi. Inapendeza kwamba mji huu ulimpata mshairi wakati ulipokuwa unavuka kutoka utumwa wa kikoloni, na kwamba upande wa Makumbusho ya Taifa, mwisho wa pili wa barabara, unapita mtaa wenye jina la mshairi mwingine, Shaaban Robert. Miji inayowapa washairi nafasi ya aina hiyo ni michache.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, Dar es Salaam ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na Mnara wa Saa ukajengwa kuadhimisha tukio hilo. Wengi wanaokutana hapo na kusema "tuonane mnarani" hudhani ni kazi ya Wajerumani au Waingereza. Sivyo. Ni mnara mwembamba wa zege, hauna urembo mwingi, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa vilivyojengwa kuadhimisha nchi huru. Acacia Avenue ikawa Independence Avenue. Upande wa pili wa mnara, Mtaa wa Kichwele ukawa Uhuru. Kwa robo karne mji ulikuwa na barabara mbili za uhuru zilizoshikana mnarani, moja kwa Kiingereza ikielekea kwenye mabenki, nyingine kwa Kiswahili ikielekea Kariakoo. Mipaka ya kale haikuwa imefutika bado.

Majina ya mitaa mingine iliyo jirani na barabara yalibadilishwa pia, na waliochagua walikuwa na shabaha. Azikiwe wa Nigeria, Luthuli wa Afrika Kusini, Nkrumah wa Ghana, Mirambo wa Unyamwezi, baadaye Sokoine: anayetembea mtaa hadi mtaa anapita katika mkutano wa Afrika. Hayakuwa majina matupu. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na vyama vya wapigania uhuru vya kusini mwa Afrika vilikodi ofisi katikati ya mji. FRELIMO ya Msumbiji, iliyoanzishwa hapahapa tarehe 25 Juni 1962, ilikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah, mbele kidogo ya Mnara wa Saa. Wakimbizi, waandishi wa habari, mabalozi na majasusi walikutana kwenye kumbi za hoteli na mikahawa ya Independence Avenue na mitaa yake, hasa New Africa, iliyosimama mahali palipokuwa na hoteli ya Wajerumani iitwayo Kaiserhof. Habari nyingi za vita vya Msumbiji na Angola zilifika duniani zikitokea kwenye meza hizo.

Hatari nayo ilikuwa karibu. Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alichukua barua zake ofisini Mtaa wa Nkrumah, akaenda kwenye nyumba moja Oyster Bay kufanya kazi kwa utulivu. Kifurushi kimoja kilikuwa na bomu ndani ya kitabu, nalo likamuua. Mwaka uliofuata uongozi ulishikwa na Samora Machel.

Samora alikuwa muuguzi mjini Lourenço Marques kabla ya kutoroka mwaka 1963. Alipitia Botswana ya leo, ambako alipata nafasi kwenye ndege iliyokuwa ikiwaleta Tanganyika wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, na hivyo akafika Dar es Salaam kama mkimbizi kati ya wakimbizi. Jeshi lake lilijengwa Kongwa na Nachingwea. Mwaka 1975 aliondoka Tanzania, akavuka Mto Ruvuma na kusafiri nchi nzima kuelekea kusini hadi mji mkuu, ambako uhuru wa Msumbiji ulitangazwa tarehe 25 Juni.

Wakati huo barabara yenyewe ilikuwa imebadilisha wamiliki. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaifisha mabenki, na matawi yao mjini yakawa ya Benki ya Taifa ya Biashara. Kisha, Aprili 1971, Bunge likapitisha sheria ya kutwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu nyumba 3,000 nchini zilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na nyingi zilikuwa za Wahindi, katikati ya Dar es Salaam na miji mingine. Kuna haki ya kusemwa kuhusu uamuzi ule: ulifungua milango ya mji kwa Waafrika ambao kwa miaka themanini walikuwa wanaingia kama vibarua tu. Kuna pia hasara ya kusemwa. Familia zilizozaliwa kwenye nyumba hizo zilifungasha zikaenda Uingereza na Canada. Kodi ilikuwa ndogo, na Msajili hakuweza kutengeneza paa zote zilizovuja. Roshani zilianza kuoza. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na shirika hilo ndilo mwenye nyumba mkubwa katika eneo hilo hadi leo.

Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Rais Samora Machel ilianguka kwenye vilima vya Mbuzini, Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Alikuwa anarudi kutoka kwenye mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Mbala, Zambia. Dar es Salaam ililia kama iliyofiwa na mtu wa nyumbani, na Independence Avenue ikapewa jina lake. Mbala enzi za ukoloni iliitwa Abercorn, na ndiko Lettow-Vorbeck alikosalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, siku vita ya Afrika Mashariki ilipomalizika. Askari wa shaba aliye katikati ya barabara na kiongozi aliyeipa barabara jina wanakutana katika mji huo mmoja mdogo wa kusini mwa Ziwa Tanganyika.

Kuna maghorofa yaliyoizidi kimo Samora ya zamani tangu siku za Ujamaa. Extelecoms House limebeba jina la shirika la simu za nje la Afrika Mashariki, kumbukumbu ya Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977. Karibu na sanamu kuna jengo la IPS. Baadaye likaja Harbour View Towers, ambalo wengi wanalijua kwa jina la JM Mall. Kuanzia miaka ya 2000 bei ya viwanja ilipopanda, nyumba za ghorofa moja zilianza kuangushwa moja baada ya nyingine. Ile iliyowauma wengi ni Salamander, jengo la kale la kona, lenye baraza na mkahawa ambamo vizazi kadhaa vya watu wa mjini viliketi. Lilivunjwa katika miaka ya 2010, likajengwa ghorofa refu linaloitwa Salamander Tower. Jina limeachwa, nyumba imeondoka.

Haraka ile ya kubomoa na kujenga ilikuwa na bei kubwa kuliko urembo uliopotea. Asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na Samora, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani.

Katika kulinda majengo ya zamani, sheria haijasaidia kama ilivyotarajiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Wajerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kwa hiyo hakuna nyumba hata moja ya Samora inayolindwa kwa umri wake pekee. Kila moja inahitaji waziri aitangaze kuwa urithi, na kilichotangazwa kinaweza kutenguliwa. Mstari huo wa 1886 unaifaa Kilwa na unaifaa Bagamoyo kwa sehemu, lakini kwa mji ambao karibu wote ulijengwa baada yake ni kama sheria haipo. Ni kasoro ya kurekebishwa na Bunge, na inahitaji sentensi moja tu.

Wengine wanauliza kwa nini Watanzania wahangaikie nyumba zilizojengwa na wakoloni na matajiri. Swali ni la haki, na jibu liko kwenye mikono iliyozijenga. Chokaa ilichomwa na Waswahili wa pwani. Boriti zilitoka delta ya Rufiji. Mafundi wa Kihindi, Wazaramo na Wamakonde walifanya kazi juu ya kiunzi kimoja. Tena baada ya 1971 nyingi zilikuwa mali ya umma kwa muda mrefu kuliko zilivyokuwa mali ya yeyote aliyezijenga. Anayevunja nyumba ya Samora leo havunji mali ya Mjerumani.

Samora yenyewe haijapungua watu. Mabasi ya mwendokasi yanaikata pale Barabara ya Morogoro tangu mwaka 2016. Wizara zilianza kuhamia Dodoma mwaka huohuo, na upande wa mashariki, wenye ofisi za serikali, umetulia kuliko zamani. Upande wa magharibi bado unaamka mapema, na simu, saa, viatu na vitambaa vinauzwa chini ya baraza zilizobaki. Mwishoni mwa 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu katikati ya jiji na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Nafasi ya kutembea ikaongezeka, na wengi waliokuwa wakiishi kwa wapita njia wakapoteza wateja. Mji ambao ulianza kwa kupanga nani akae wapi bado unahangaika na swali hilohilo.

Kuna jambo dogo linaloweza kufanyika bila kusubiri Bunge. Boma la Kale limekarabatiwa na sasa ni kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam, kilicho wazi kwa wananchi. Shirika la Nyumba la Taifa, Halmashauri ya Jiji na wawekezaji wakubaliane kwamba kabla nyumba yoyote ya Samora haijaguswa na tingatinga, ipigwe picha kila chumba, ipimwe, ichorwe, na kumbukumbu zake zipelekwe kituoni hapo. Na kwa nyumba zilizobaki, kibao kimoja ukutani chenye mwaka wa ujenzi, jina la mjenzi na matumizi yake ya zamani kinatosha kuanzia. Wazee wanaojua majibu bado wapo Upanga, Kisutu, Ilala na Kariakoo, na wanapaswa kuulizwa mwaka huu.